Mswada Namba 17

Miswada ilikuja ndani ya kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba ya katani. Katibu wa usharika alikibeba begani kutoka ofisini kwake hadi sakristia, akakitua juu ya meza na kusema, "Haya, waamuzi, chakula chenu hiki." Tulihesabu 26. Mingi ilikuwa imeandikwa ndani ya madaftari ya shule, mingine kwenye karatasi za mistari zilizoshonwa kwa uzi, na minne tu ilikuwa imechapwa kwa kompyuta. Mmoja ulikuwa na doa kubwa la mafuta ya kupikia katikati ya ukurasa wa kwanza. Huo tuliusoma kwanza, kwa sababu uliandikwa na mtu aliyekuwa na kazi nyingine mkononi.

Sisi tulioitwa kuisoma tulikuwa watano: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama anayefundisha Shule ya Jumapili, dada mmoja anayesomea ualimu, mzee wa kanisa ambaye ni mzaliwa wa Tabora kama baba yake, na mchungaji, aliyekuwa mwenyekiti na ambaye ndiye anayeandika mistari hii kwa niaba ya wote. Wenzake wameisoma kabla yenu, wapendwa, na mzee ametoa ruhusa kwa sehemu inayomhusu.

Jambo lenyewe lilianzia redioni. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa zawadi zake za kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, kwa waandishi wa riwaya na ushairi. Mwaka uliofuata hadithi za watoto zikaingizwa. Mwalimu wetu mstaafu alisikia kwamba mshindi hupata shilingi milioni 10 na kitabu chake huchapishwa kiende shuleni, akaja nyumbani kwa mchungaji siku ya Jumatatu, siku ambayo wachungaji hupenda kulala. Hakuzungumzia fedha. Alisema, "Mchungaji, huyu Nyerere alisoma hapa, Tabora School. Akarudi akafundisha hapa, St. Mary's. Leo jina lake linawapa zawadi wanaowaandikia watoto. Mtoto wa usharika wetu akishajua kusoma, anasoma nini?"

Tulikwenda kutazama kabati la Shule ya Jumapili. Kulikuwa na Biblia, Katekisimo Ndogo, kitabu cha nyimbo, na vijitabu vitano vya hadithi vilivyokwisha majalada. Aibu yetu ilizidi tulipokumbuka mahali tunapoishi. Kipalapala hapa jirani ndugu zetu Wakatoliki walikuwa na kiwanda cha uchapaji, na ukifungua vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili utakuta herufi T.M.P. na jina la Tabora katika kurasa za mwanzo. Mji uliowachapia wengine vitabu haukuwa na hadithi ya kumpa mtoto wa miaka tisa Jumapili mchana.

Basi tukatangaza baada ya ibada. Hadithi kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, kwa Kiswahili, isizidi kurasa kumi na mbili, bila jina la mwandishi. Katibu angeandika namba juu ya mswada na kutunza majina ndani ya bahasha. Zawadi ya kwanza ingekuwa debe moja la asali ya miombo, iliyotolewa na Mkristo mmoja mfugaji nyuki, na hadithi zitakazopendwa zingetolewa nakala kwa ajili ya kabati. Watoto nao wangepiga kura, kwa sharti alilolitoa yule dada wa ualimu: mtu mzima anayemchagulia mtoto hadithi bila kumwuliza mtoto anajichagulia mwenyewe.

Tulikutana Jumanne na Alhamisi jioni kwa majuma matatu, na kila mswada tuliusoma kwa sauti, tukipokezana. Mama wa Shule ya Jumapili ndiye aliyesisitiza hivyo, na tunamshukuru. Hadithi inayosomwa kimya inaweza kujificha. Inayosomwa kwa sauti mbele ya watu wanaotafuna karanga na matobolwa haina mahali pa kujificha. Mahali penye uongo, msomaji hujikwaa. Mahali penye kuchosha, mkono huenda kwenye sahani.

Mikono ilikwenda sana kwenye sahani. Mama wa kambo mkatili tulimkuta katika hadithi tisa, na kufikia ya sita dada wa ualimu alisema anaanza kumhurumia. Kijana mwema aliyepata nafasi ya kusoma Ulaya alikuwamo katika tano. Mtoto mtukutu aliliwa na mamba mara tatu na na fisi mara moja. Karibu kila mswada uliishia na neno "Funzo", limepigwa mstari chini yake, kisha nukta mbili, kisha tunaambiwa tuwatii wazazi. Mwalimu mstaafu alifunga mswada mmojawapo akasema, "Hii si hadithi. Ni mahubiri yaliyovaa kaptula." Wote tulicheka isipokuwa mwenyekiti, kwa sababu mswada uliompendeza yeye kupita yote mpaka siku ile ulihusu mtoto aliyetoa fungu la kumi la mayai ya kuku wake, naye alikuwa ameupa alama 18 kati ya 20.

Ilibidi ajiulize, na sisi tukajiuliza pamoja naye, kwa nini watu wa kanisa tunaogopa hadithi isiyo na mkia wa funzo. Baba yetu Luther hakuogopa namna hiyo. Mwaka 1530, wakati wenzake walipokwenda Augsburg kuisoma Ungamo ya imani mbele ya Kaisari, yeye hakuweza kwenda, maana alikuwa chini ya hukumu ya dola. Alibaki katika ngome ya Coburg, na huko, pamoja na kazi zake zote nzito, akaanza kuziweka hekaya za Esopo katika Kijerumani, zile za mbwa mwitu na mwanakondoo, ili vijana wazisome. Mwezi Juni akamwandikia mwanawe Hans, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka minne, barua kuhusu bustani nzuri ambamo watoto wanaokota matufaha chini ya miti na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Neno la kusali na kusoma analo pia ndani ya barua hiyo, baba ni baba. Lakini bustani ndiyo inayochukua nafasi kubwa. Tena wiki mbili tu kabla ya hapo alikuwa amepata habari kwamba baba yake mzazi amefariki. Tuliposoma mambo haya chuo cha theolojia yalipita kama tanbihi. Mtihani ulikuja na vifungu vya Ungamo, wala hakuna aliyetuuliza juu ya farasi.

Baada ya juma la pili, hadithi tatu zilikuwa zimetengana na nyingine kama mafuta na maji.

Ya kwanza ilikuwa namba 4, ile yenye doa. Ilihusu mbuzi aliyetolewa sadaka kanisani, akapigwa mnada baada ya ibada kama ilivyo desturi yetu, akanunuliwa, na usiku akakata kamba akarudi kwa mama aliyemtoa. Mama, mwaminifu, akamrudisha. Aliyemnunua, mwaminifu pia, akaona haya kumpokea mbuzi ambaye huenda Mungu amemkataa, akamtoa sadaka upya. Mpaka mwisho wa hadithi mbuzi amepigwa mnada mara sita, paa la kanisa limekwisha, na mbuzi yupo kwa mama yake anakula majani ya viazi. Mzee wa kanisa alisema haina funzo lolote. Alisema hivyo akijifuta machozi ya kicheko.

Ya pili ilikuwa namba 11, ya kijana anayeuza asali na karanga kwenye madirisha ya treni hapa stesheni, mahali ambapo reli kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja kwenda Kigoma na moja Mwanza. Mwandishi wake alijua mambo yake: kwamba reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma 1914, kwamba chupa ya asali hupewa abiria baada ya fedha kushuka, si kabla. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko vyote. Mwalimu mstaafu aliipa 19.

Ya tatu ndiyo namba 17.

Ilianza na mtoto wa kike anayehesabu hatua. Amechukuliwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, anatembea katika msafara kutoka Ujiji kuja Unyanyembe, na anahesabu kwa lugha ya mama yake ili asiisahau. Amebebeshwa chungu kidogo. Mbele yake wapo wapagazi wenye pembe za ndovu, nyuma yake mwanamke mwenye homa, na asubuhi moja nyuma yake hayupo mtu. Mwandishi hakueleza zaidi ya hapo. Sisi tulitarajia mmisionari atokee, au mjomba, au mvua ya miujiza. Hakutokea mtu. Mtoto anafika Tabora, anauzwa katika nyumba, anakua, anazaa, na watoto wake wanapewa ukoo wa mwenye nyumba. Katika ukurasa wa mwisho ni bibi kizee anayepembua maharage na kuyahesabu kwa maneno ambayo hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayeyaelewa. Mjukuu anamwuliza ni lugha gani. Bibi anasema, "Ni ya safarini." Ikaishia hapo, bila funzo.

Mama aliyekuwa akisoma aliufunga mswada akauweka mezani polepole. Karanga zilikuwa zimebaki kwenye sahani.

Ndipo mzee wetu akasimama. Kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, na anapopinga jambo katika baraza hulipinga ameketi. Alisema, "Hii isisomwe kwa watoto." Dada wa ualimu akamwuliza kwa heshima, "Kwa nini, babu?" Akajibu, "Tabora hatuulizani umetoka wapi. Tunaulizana umeamkaje." Akachukua kofia yake akaondoka. Kwenye karatasi ya alama alikuwa ameandika 3 kati ya 20. Dada alikuwa ameandika 19.

Wageni wa mkoa huu, na mchungaji wenu ni mmoja wao, maana kwao ni Iramba, huchelewa kuelewa uzito wa maneno yale. Tunapita barabara za mji chini ya miembe mikubwa na tunaambiwa ni ya zama za misafara. Tunawasifu Wanyamwezi waliobeba mizigo ya kilo thelathini na zaidi kutoka huku hadi Bagamoyo na kurudi, na ni haki wasifiwe. Kwa kijana wa wakati ule safari ya pwani ilikuwa heshima. Lakini njia ile ile ilipitisha na waliofungwa. Wala waliowashika watumwa hawakuwa Waarabu na watu wa pwani peke yao. Watemi na wafanyabiashara wa bara walikuwa nao, na mashamba mengi ya Unyamwezi yalilimwa na watu walionunuliwa. Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922 tu. Sasa wajukuu wa waliofunga na wajukuu wa waliofungwa wanaishi mtaa mmoja, wameoana, wanazikana. Pengine wamo katika mtu mmoja. Mji ulichagua kunyamaza ili uweze kuishi, na sisi hatuwezi kuudharau uchaguzi huo.

Mwenyekiti wetu akatafuta njia ya amani, na kama zilivyo njia nyingi za amani kanisani, ilikuwa njia ya kuficha. Aliitia namba 17 katika droo ya sakristia, pamoja na akiba ya mishumaa, akasema tutaiangalia baadaye. Sisi wengine watatu tulimwona akifunga droo. Hakuna aliyesema neno. Saa ilikuwa imekwenda, na mzee ni mtu tunayempenda.

Jumamosi watoto kumi na wanne walikuja kusikiliza hadithi kumi zilizofika duru ya mwisho. Tulichosahau ni kwamba katibu alikuwa ameshabandika orodha ya namba kwenye ubao wa matangazo, na watoto, wakiwa na hamu, walikuwa wameinakili. Tuliposoma ya tisa na kusema tumemaliza, binti mmoja wa miaka tisa alinyoosha mkono. "Kumi na saba iko wapi?"

Mchungaji akajibu, "Ile ina makosa."

"Makosa ya nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa ujeuri. Mwalimu wake shuleni huwaambia makosa ya Kiswahili na makosa ya hesabu, naye alitaka kujua ni ya mwandishi au ya mpiga chapa. Lakini sisi watu wazima tuliokuwamo chumbani hatukuwa na jibu la kumpa. Tuliwaombea watoto baraka, tukawapa biskuti, wakaenda.

Jioni ile mama wa Shule ya Jumapili hakutaka chai. Alifungua Biblia kwenye Kutoka sura ya 12 akamwonyesha mchungaji kwa kidole, kama anavyowaonyesha watoto wake. Humo Mungu anawaandaa wazazi kwa siku ambayo mtoto atauliza maana ya ibada ile ya usiku wa Misri, na mzazi anapewa la kujibu. Akafungua Yoshua sura ya 4: mawe kumi na mawili yanasimamishwa makusudi ili watoto waulize. "Mungu anasimamisha mawe ili waulize," alisema, "sisi tunayatia kwenye droo." Baadaye alituomba radhi kwa ukali wake. Hatukuona cha kusamehe.

Mchungaji alikwenda kwa mzee Jumapili baada ya ibada ya jioni. Hakwenda kumshawishi, alikwenda kumwambia kwamba tumemdanganya mtoto kwa ajili ya kumlinda yeye, na kwamba hatuwezi kuendelea hivyo, ila hatutasoma mswada ule bila yeye kujua. Mzee alimsikiliza, akampa uji wa ulezi, akazungumza juu ya mvua. Walipofika mlangoni alisema, "Msome. Mimi sitakuwepo."

Jumamosi iliyofuata mama akausoma. Tulikuwa tumejiandaa kwa kilio, hata tumemwalika mama mmoja muuguzi akae karibu. Hakuna aliyelia. Watoto walikuwa kimya kwa muda, kisha yakaja maswali kwa wingi, na hayakuwa yale tuliyoyaogopa. Alipofika hapa alikaa mtaa gani? Chungu alichobeba kilikwenda wapi? Aliweza kuhesabu mpaka ngapi? Kama alikuwa mtumwa hapa Tabora, mbona shuleni tunaambiwa watumwa walikuwa Zanzibar? Mvulana mmoja aliuliza kama yule bibi alibatizwa. Mchungaji akasema hadithi haikusema. Mvulana akasema, "Basi Mungu anaijua ile lugha yake." Akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Tuliwapeleka Kwihara. Si mbali, ni mwendo wa gari dogo kwa barabara ya vumbi. Hapo ipo tembe iliyojengwa upya kama kumbukumbu ya ile aliyokaa Dkt. Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani. Watoto walizunguka vyumba, wakagusa milango ya mbao, na yule binti wa miaka tisa akauliza kama kuna chumba cha yule msichana. Hakuna.

Lakini Mwalimu wetu mstaafu alikuwa na jambo la kuwaambia, na aliwaketisha chini wakasikia. Kati ya watu waliotumwa kutoka pwani kuja kwa Livingstone hapo Kwihara alikuwamo kijana Jacob Wainwright. Alikuwa amekamatwa akiwa mtoto akafanywa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa shule ya misheni huko Nasik, India. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, ni Wainwright aliyesoma ibada ya mazishi, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti. Yeye na akina Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili kuurudisha pwani, na njiani walipita hapa Unyanyembe. Aliandika shajara ya safari ile. Alifika hata Uingereza na jeneza. Na mwisho wa maisha yake, mwaka 1892, alifia Urambo, mkoa wetu huu, watoto wanakokwenda kutembelea shangazi zao wakati wa likizo. "Kwa hiyo," akasema Mwalimu, "mtoto wa namna ile aliwahi kushika kalamu." Wengi wetu wakubwa tulikuwa tunalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Dada wa ualimu aliliandika kwenye kiganja.

Kura zilipigwa kwa punje za mahindi ndani ya makopo. Wapendwa, mbuzi alishinda. Alishinda kwa mbali sana, na hata sisi tuliokuwa tumejitwisha uzito wa historia tulifurahi, maana watoto walitaka kucheka na mwandishi alikuwa amewachekesha kwa ufundi. Namba 17 ilikuwa ya pili. Ya treni, ile ya Kiswahili safi, ilipata punje mbili. Tulipouliza sababu, mmoja akasema, "Yule anauza asali siku nzima na hailambi hata mara moja. Si kweli." Mwalimu mstaafu alitafakari neno hilo kwa muda mrefu, akakiri kwamba yeye, kwa miaka yake yote ya kusahihisha insha, hakuwa ameliona. Mtoto wa mayai ya fungu la kumi hakupata punje hata moja.

Bahasha ilifunguliwa kanisani kabla ya mnada. Mwandishi wa mbuzi ni mama anayekaanga vitumbua karibu na soko. Doa lilikuwa la kikaango chake, na aliandika, alituambia, kati ya wateja wa asubuhi na wa jioni. Debe la asali alilipokea akiwa amejitanda khanga mpya, na kabla ya siku kuisha alikuwa amekwisha kutugawia nusu yake. Mwandishi wa namba 17 hakuwa Mlutheri wala Mkristo. Ni fundi baiskeli ng'ambo ya ukuta wetu, aliyesikia tangazo kwa sababu kipaza sauti chetu hakijui mipaka ya dini. Alikuja amevaa kanzu, akasimama mlangoni mpaka alipokaribishwa mara ya tatu. Alisema bibi yake ndiye aliyemsimulia, na kwamba aliiandika kwetu kwa kuwa kwetu ndiko kulikotangazwa. Tulimpa kitabu na shati, akashukuru.

Nakala ishirini za kila hadithi zimo kabatini sasa, zimeshonwa na vijana wa kipaimara. Za mbuzi zimekwisha chakaa. Za namba 17 huazimwa na watu wazima zaidi kuliko watoto, na wengine huzirudisha bila kutazamana nasi.

Mzee alikaa majuma mengi bila kugusia jambo hilo. Alikuja barazani, alihesabu sadaka, alisali. Kisha Alhamisi moja usiku alibisha hodi kwa mchungaji, amekuja na mjukuu wake, yule binti wa miaka tisa. Hatukuwa tumejua kwamba ni mjukuu wake. Ana jina la ukoo wa baba. Mzee alisema mtoto amemsomea ile hadithi nyumbani, mara mbili, na ya pili alimwomba yeye. Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa akipembua maharage mlangoni, naye akiwa mdogo alikuwa akikaa miguuni pake, na alikuwa akihesabu. Yeye alidhani ni mchezo. Miaka yote hii alidhani ni mchezo, au alijifanya kudhani hivyo. Mama yake alimkataza kurudia maneno yale mbele za watu.

Mchungaji akaleta daftari. Mzee alifumba macho, akaanza kuhesabu, na vidole vyake vikawa vinasogea juu ya meza kana kwamba vinasukuma punje. Tuliandika kama alivyotamka, binti akisahihisha mahali tuliposikia vibaya. Alifika sita. Akarudia tangu moja, akafika sita. Akajaribu mara ya tatu, kwa haraka, akitumaini ulimi utampitisha, akakwama pale pale. Binti akaichukua kalamu, akaandika 7 pembeni mwa mstari unaofuata, na mbele yake akaacha nafasi.